Mwezi Uliopunguzwa

Siku ya tatu ya matanga ya mama mkwe wangu, Bi Mwanatumu, wanawake walijaa sebuleni kwetu Timbwani mpaka ikabidi tutandike mikeka uani. Kama ilivyo kwenye matanga yetu, machozi yalipopungua hadithi zilianza. Jirani mmoja alimshika mkono binti yangu Halima, akawageukia waliokaa karibu. "Huyu mwamuona? Huyu alizaliwa wa miezi saba. Marehemu hakuchoka kunambia: mjukuu wangu wa miezi saba, na Mwenyezi Mungu kamweka." Wote wakasema alhamdulillahi. Halima, ambaye sasa ana watoto wawili na unene wa kugawia watu, akatabasamu kwa adabu. Mimi nilikuwa nikimimina kahawa, nikaendelea kumimina. Nimeiacha kauli ile ipite kwa miaka yote, na sikuona sababu ya kuisahihisha mbele ya watu wakati mwenyewe hajamaliza hata juma moja kaburini. Lakini walipotawanyika nilikaa jikoni peke yangu, katikati ya masufuria ya kuazima, nikaukumbuka mwaka ule wa mwishoni mwa miaka ya themanini, nikiwa na umri wa miaka kumi na tisa na sijui mbele wala nyuma. Niligundua kwamba bado naogopa. Hadi leo, nikipita sokoni nikamwona mtu anaweka kitu juu ya mizani, hata kama ni vitunguu, husimama nikangoja mkono wake utulie.

Uchungu ulinishika mwezi wa Shaabani, joto la kabla ya masika likiwa limetuelemea, nikiwa nimechutama uani naosha vyombo. Bi Mwanatumu hakupoteza wakati. Alinifunga leso mbili kiunoni, akamwita jirani mwenye gari, tukaenda hospitali ndogo ya upande wetu wa Likoni badala ya kuvuka kwenda kisiwani, kwa sababu, kama alivyosema, hakuna mjukuu wake atakayezaliwa ndani ya feri watu wakitazama. Aliyekuwa zamu ni Sista Kadzo, Mgiriama mrefu wa makamo, mwenye sauti ya chini. Akaniuliza mara ya mwisho kuona siku zangu ilikuwa lini. Nililijua jibu vizuri sana. Ilikuwa Idi ya kuchinja, mfunguo tatu, yaani mwezi wa tatu baada ya Ramadhani, kwani wenzangu walikwenda kuswali nami nikabaki jikoni na visu na maini. Nikafungua mdomo, Bi Mwanatumu akanitangulia. "Mfunguo nne," akasema. "Mwezi umefika katikati." Sista Kadzo akahesabu kwa vidole, akasema basi ni miezi saba. "Saba," Bi Mwanatumu akaitikia. "Wallahi saba." Nilimtazama, naye akanitazama kwa jicho ambalo wake wa wana wote wanalijua, nikafunga mdomo. Maumivu yalikuwa yamerudi hata hivyo.

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo vijana wa leo watanicheka. Kwetu ilijulikana kwamba mtoto wa miezi saba huishi na mtoto wa miezi minane haishi. Ni hesabu gani hiyo, mtu apungukiwe mwezi mmoja afe na apungukiwe miwili apone, hakuna aliyeuliza. Ungemsikia mwanamke mwenye akili zake timamu, aliyezaa tisa na kuwalea wote, anakusimulia habari za wa minane kwa sauti ya kunong'ona huku anatikisa kichwa. Mimi nilikwenda shule mpaka kidato cha pili, na nilijiona sisadiki mambo hayo. Kumbe kutosadiki ni rahisi wakati huna mtoto ndani ya sanduku la vioo.

Halima alizaliwa adhana ya alasiri ikiadhiniwa, akiwa na uzani wa kilo moja na robo na kitu kidogo. Nilimwona mara moja tu, mwembamba, ngozi kavu, kichwa kikubwa kuliko mwili na uso wa mzee aliyeudhiwa, kisha akapelekwa nasari. Hiyo nasari ilikuwa chumba kimoja mwisho wa ukumbi, chenye masanduku manne ya joto, na moja lilikuwa limeharibika likageuzwa mahali pa kuwekea mashuka. Ukiingia, joto lilikupiga usoni pamoja na harufu ya dawa ya sakafu na maziwa yaliyochacha, na mashine zilinguruma hivi kwamba hata ukitoka nje ulizisikia bado. Sisi kina mama tulilala chumba cha pili yake. Magodoro yetu yalivishwa plastiki, ukijigeuza yanalia, na kwa kuwa hapakuwa na aliyelala kwa utulivu yalikuwa yakilia tu. Kazi yetu ilikuwa moja, kukama maziwa. Sista akigonga mlango tulijifunga leso tukaenda kwenye kijichumba chenye beseni na vikombe vya bati, tukakaa kwenye benchi tukijikama kimya kimya, kila mmoja akikipima kikombe cha mwenzake kwa pembe ya jicho. Tulipendana sana chumbani mle, na tulioneana wivu kwa kila tone.

Jirani yangu wa kitanda aliitwa Sidi. Alikuwa ametoka Kisauni kuja kumtembelea dada yake Likoni, na mtoto akaona hapo hapo panatosha. Mwanawe wa kiume, wa miezi saba kweli, alizaliwa siku moja baada ya Halima, na uzani wao ulikaribiana mpaka Sista Kadzo akawa anawaita pacha. Aliwapima kila asubuhi kabla ya maziwa ya kwanza. Mizani ilikuwa ya zamani, yenye sahani ya bati na mkono wa chuma wenye kijiwe cha kusogeza. Alitandika kitambaa, akaisawazisha, akamlaza mtoto uchi, kisha akasubiri mkono utulie. Mtoto akirusha mguu, alisubiri tena. Hakuwa mtu wa haraka, nami nilisimama pale nimeikamata meza, najizuia nisiibonyeze ile sahani kwa kidole. Akishasoma alitia nukta kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya sanduku la mtoto na kuiunganisha na ya jana. Alitueleza mapema kwamba wote hupungua kwanza. "Siku za mwanzo watashuka. Msilie. Wakianza kupanda ndipo tutaanza kuhesabu." Basi walishuka wote wawili, na sikulia. Kisha mtoto wa Sidi akaanza kupanda, gramu kumi leo, kesho kitu, keshokutwa ishirini. Halima alibaki pale pale.

Niliambiwa nisiwe na pupa, nami nilijitahidi. Tatizo ni kwamba mtoto wangu alikuwa ana njaa, na mtu yeyote mwenye macho angeliona hilo. Maziwa yalipitia mpira mwembamba wa puani, kidogo kidogo, yakipimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Mtoto wa Sidi alipewa kiasi kile kile, akalala nayo ametulia kabisa. Halima alilia. Alilia kabla ya maziwa, akalia baada ya maziwa, akajikunja akautafuta mkono wake, akaupata, akaunyonya mpaka ngozi ikawa nyekundu. Sidi alisimama kando yangu mbele ya vioo akashangaa. "Wako ana sauti, mama. Wangu mimi hata kulia hajui." Alisema kwa nia njema, na mimi nilitamani kumfinya. Nilipomuuliza Sista Kadzo kama naweza kumpa ziwa, alinijibu kwa upole kwamba mtoto wa miezi saba bado hajui kunyonya na kupumua kwa pamoja, na tukimharakisha maziwa yataingia mapafuni. Nilimwelewa. Alichosema kilikuwa kweli tupu, kwa mtoto wa miezi saba.

Yeye mwenyewe hakuwa ametulia. Asubuhi moja alimgeuza Halima, akazitazama nyayo zake kwa muda mrefu, akazipapasa, akayapapasa na masikio, akanitazama. "Mikunjo hii ni mingi mno kwa wa miezi saba. Mama Halima, una hakika na ule mwezi?" Bi Mwanatumu alikuwa mlangoni na kikapu chake cha chakula. Hakungoja nijibu. Aliapa tena, safari hii kwa jina la wazazi wake waliokufa. Sista Kadzo akaupokea uapo ule kwa sababu ulitoka kwa mtu mzima aliyefunga buibui yake vizuri na kumpa kila siku salamu ya heshima, na kwa sababu hata mimi mwenyewe nilikuwa nimenyamaza. Nilinyamaza kwa kuwa nilimwogopa mama mkwe wangu. Nilinyamaza zaidi kwa kuwa niliogopa lile neno lenyewe. Mtoto akiitwa wa saba, nilijiambia, huenda akaishi kama wa saba.

Ramadhani iliingia na mvua za masika zikaingia nayo. Sisi wenye nifasi, damu ya uzazi, hatukufunga, lakini futari ililetwa na tuliila na waliofunga, maana Bi Mwanatumu alipika kana kwamba wodi nzima ni harusi yake: uji wa mchele wenye pilipili manga, tambi za nazi, mbaazi, muhogo, kaimati za shira zilizofunikwa kwa kawa. Sidi, ambaye si Mwislamu, ndiye aliyekuwa akiisubiri adhana kuliko wote. Siku moja tulipokuwa tumebaki wawili, mimi na mama mkwe, nikapata ujasiri, nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Mama, tumwambie Sista. Ni mfunguo tatu."

"Nyamaa."

"Mtoto yuna njaa, mama. Labda akijua ni wa mina..."

Alinifumba mdomo kwa kiganja. Kilinuka nazi. "Usilitamke neno hilo hapa. Ukilitamka watakunja mikono, hunielewi? Wewe kula. Kula maziwa yaje." Akanitilia tambi nyingine kwa kishindo hata zikaanguka kwenye shuka. Nilidhani ni hasira.

Kisha Halima akaacha kulia. Huwezi kuamini ni kiasi gani nilikuwa nimezoea kile kilio mpaka nilipoingia nasari nikakuta kimya. Alikuwa amelala macho nusu wazi, na mikono ikatetemeka kidogo, ikatulia, ikatetemeka tena. Wakati wa mizani hakurusha mguu, kwa hiyo mkono wa chuma ulitulia mara moja, na Sista Kadzo akasoma, akasogeza kijiwe nyuma kidogo, akasoma tena. Alikuwa ameshuka tena, chini kuliko siku zote. Sista akampa maji ya sukari kupitia mpira, akatuma daktari aitwe, akaniambia nikakae. Nilikwenda kijichumba cha kukamia, nikafunga mlango, nikajaribu kukama na hakikutoka kitu. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati. Nilikuwa nikimwomba Mungu bila kupanga maneno, namwambia tu huyu, huyu, niachie huyu.

Ndipo niliposikia sauti ya Bi Mwanatumu ukumbini, karibu kabisa na mlango. Alipaza sauti kidogo kushinda mvua, vinginevyo nisingesikia.

"Sista, nna neno. Usinikate mpaka nimalize."

"Sema, mama."

"Yule mtoto si wa miezi saba. Ni wa minane. Mwezi wenyewe ni mfunguo tatu, Idi ya kuchinja. Nimekuapia uongo, na leo nimefunga."

Sista Kadzo akauliza, wala hakuuliza kwa ukali, "Nilikuuliza mara mbili. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia minane mungemwacha."

"Tungemwachaje?"

"Mungekunja mikono. Mimi nalikuwa na wangu, wa kwanza, kabla sijamzaa babake Halima. Alizaliwa wa minane. Wakunga wakahesabu, wakatazamana. Wakanambia, usijisumbue kumpa ziwa, huyu ni wa njia, hakai, utajitia uchungu bure. Nalikuwa mdogo kuliko huyu mke wa mwanangu. Nikawasikiza. Alikaa siku tatu. Huyu mjukuu nikasema hapana. Huyu hakuna atakayemhesabia. Nikampunguza mwezi, ili mumpiganie."

Nilishikilia kikombe kitupu kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba mwanamke huyu niliyemwona gogo, aliyeniamrisha hata namna ya kukunja leso, alikuwa anaogopa kuliko mimi, na kwamba alikuwa ameogopa hivyo tangu kabla sijazaliwa. Nilimkasirikia na nilitaka kumkumbatia. Sikufanya lolote kati ya hayo mawili, nilikaa.

"Mama, nisikilize," Sista Kadzo akasema. "Hapa ukiniambia minane, mimi nafurahi. Wa minane amekomaa. Aweza kunyonya. Huyu si mdogo kwa sababu amewahi kuzaliwa, huyu ni mdogo kwa sababu alikuwa na njaa tangu tumboni, na sisi tukazidi kumpimia matone. Kwa hilo la kunyonya tungeanza zamani."

"Nimemtaja kwa kinywa changu. Haponi."

"Nani amesema haponi? Nipishe, niende kwake."

Mambo yalikwenda mbio baada ya hapo. Daktari alifika amelowa, wakazungumza, maziwa ya kwenye mpira yakaongezwa siku ile ile, na kutetemeka kulipokoma Sista alinifuata akaniambia nikanawe mikono. Nilikaa kwenye kiti cha mbao ndani ya lile joto, na Halima akawekwa kifuani kwangu, mwepesi kiasi cha kutisha, mpira bado puani. Nilikuwa na hakika kwamba nitamwua. Nilimwambia Sista, sijui kunyonyesha, akanijibu, "Hujaulizwa wewe." Na kweli sikuulizwa. Halima aligeuza kichwa, akapapasa kwa midomo, akakamata. Alivuta, akapumzika, akapumua, akavuta tena, na mimi nilihesabu zile pumzi moja moja nikingoja atakaposahau. Hakusahau. Alichoka haraka na kilichobaki akapewa kwa mpira, lakini kesho yake alichoka kidogo kuliko jana. Sidi alikuwa anatazama kutoka nje ya vioo, akapiga vigelegele mpaka akakaripiwa.

Bi Mwanatumu hakuingia. Alileta futari, akaiweka, akakaa ukumbini na tasbihi yake, na kila asubuhi wakati wa mizani alisimama nyuma ya mlango amegeukia ukutani kama mtu anayengoja kusomewa hukumu. Nilikuwa nikitoka namwambia. Hajapanda. Kapanda gramu kumi. Kapanda ishirini. Alikuwa anaamini, na hakuna maneno ya Sista yaliyoweza kumtoa katika imani hiyo, kwamba amekwisha kumtaja mtoto na sasa tunasubiri tu. Mimi pia niliendelea kuogopa. Kila nukta niliiona ni ya mwisho kabla ya kushuka. Tulitoka hospitali baada ya Idi, Halima akiwa kilo mbili kasorobo, na mtoto wa Sidi akatufuata baada ya wiki mbili akiwa na mashavu yake. Mwaka uliobaki niliuishi vivyo hivyo, nikimpeleka kliniki kila alipotakiwa na pengine asipotakiwa, nikiamka kumwekea kidole puani nione kama anapumua. Nje ya pale hospitalini Bi Mwanatumu alirudia kusema ni wa miezi saba, akaisema kwa kila mtu, kwa sauti kubwa, mpaka alipokufa. Sikumlaumu. Waliomsikia hawakuwa na mtoto wa kumnyonyesha, na yeye alikuwa na mjukuu wa kumlinda.

Ila kabla hatujaruhusiwa, asubuhi moja ya mwisho mwisho wa mfungo, mpira ulikuwa umeshatolewa puani na nilikuwa nikimnyonyesha Halima kitini, na mlango ukafunguliwa. Bi Mwanatumu aliingia, akavua viatu ingawa hakuna aliyemwambia, akaja akasimama juu yetu. Alikuwa hajamwona mtoto akinyonya hata mara moja. Nikataka kutoka kitini nimpishe, akanikataza kwa mkono. Alikaa chini sakafuni, magoti yakilia, uso wake ukawa sawasawa na uso wa mtoto. Halima alikuwa ameliachia ziwa kwa bahati mbaya na analitafuta, kinywa wazi, kichwa kikienda huku na huku kwenye nguo yangu.

"Wangu naye alikuwa yuwafanya hivi," Bi Mwanatumu akasema. "Yuwafungua kinywa hivi hivi. Nami namgeuza uso."

Nililishika ziwa nikampelekea Halima mdomoni, akalipata, na nyanya yake akabaki pale sakafuni akisikiliza anavyomeza.